Hita ya gereji inakata umeme, haitoi joto au inanuka: anza kuangalia wapi

Hita ya gereji ikianza kusumbua watu wengi wanaamua palepale kwamba imekufa, wanaing'oa ukutani wananunua nyingine wanaifunga kwenye waya uleule na breka ileile, halafu baada ya muda tatizo linarudi vilevile kama lilivyokuwa. Hita ya umeme kwa ndani ni kifaa rahisi sana jamani. Kuna koili za joto, kuna feni, themostati, swichi ya usalama inayokata joto likizidi, na terminali za kufungia nyaya, basi. Vya kuharibika humo ni vichache, na mara nyingi sana kinachosumbua kiko kabla ya hita yenyewe, yani waya, soketi, breka, au ile skrubu moja ambayo mtu aliikaza nusunusu akafunga kifuniko akaondoka.

Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi jiulize kwanza tatizo linatokea saa ngapi. Ni palepale unapowasha? Ni baada ya dakika kumi na tano? Baada ya saa nzima? Au ni ile siku tu unayoiwasha baada ya kukaa miezi bila kuguswa? Usiruke hili swali, maana shoti haisubiri, inakata palepale, lakini mzigo uliozidi na skrubu iliyolegea vyenyewe vinahitaji muda wa kupata moto, na unyevu unajitokeza pale hita ilipolala muda mrefu. Ukijua muda tu, nusu ya kazi umeshaimaliza na hujafungua kitu.

Halafu usalama, na hapa naomba usisome harakaharaka. Kuzima themostati sio kuzima hita. Kwenye mifumo ambayo volti 240 inakuja na laivu mbili, yani nyaya mbili zote zina umeme, kama ile ya Marekani, themostati ya bei nafuu inakata laivu moja tu, ile ingine inabaki na umeme mpaka kwenye koili, hita imepoa, feni imenyamaza, na ukigusa ndani unapigwa. Zima kwenye breka, weka alama au funga boksi ili mtu asije akakuwashia, halafu pima kwa tesita. Na tesita yenyewe ijaribu kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme, ndo upime hita, kisha urudi kuijaribu tena pale kwenye soketi, maana tesita iliyokufa nayo inakwambia hakuna umeme. Kama hujawahi kufungua boksi la umeme maishani mwako basi wewe angalia, nusa, sikiliza, andika unachokiona, na kufungua mwachie fundi umeme mwenye leseni. Maelezo yako mazuri yatamwokolea muda mwingi.

Breka inakata palepale ukiwasha

Hapo kuna shoti au umeme unavuja kwenda kwenye bodi, yani bati la hita yenyewe. Angalia kwanza pale waya unapoingia kwenye hita, lile tundu la bati likiwa halina mpira au klampu ya kushikilia waya, bati linakula ganda la waya polepole kwa sababu feni inatetemesha kila kitu, mpaka siku shaba inagusa chuma. Sehemu ya pili ni ndani kwenye terminali, unakuta uzi mmoja wa shaba umechomoza nje ya skrubu umegusa wa jirani. Ya tatu ni koili iliyokatika ikaangukia kwenye bodi. Kama hita ndo imefungwa leo na haijawahi kuwaka hata mara moja, fuatilia tena mchoro wa nyaya kabla ya kulaumu kifaa.

Kama kinachokata ni ile breka inayolinda watu na umeme unaovuja, RCD, na hita ilikuwa imekaa msimu mzima bila kazi, fikiria unyevu kabla ya kitu kingine chochote. Koili nyingi ni bomba la chuma, ndani yake kuna waya wa joto umezungukwa na unga wa oksidi ya magnesi, na huo unga unapenda sana kunyonya unyevu wa hewa kupitia kwenye ncha za bomba. Ukishanyonya, umeme kidogo unapita kwenda kwenye bomba na RCD inaona. Hita haijafa hapo. Iweke mahali pakavu penye joto kwa siku kadhaa kisha fundi apime kwa kipimo cha volti 500 kati ya koili na bodi, usomaji uwe walau megaomu 1. Ukiendelea kuwa chini ya hapo basi koili ibadilishwe. Usikubali kabisa mtu akuambie tuiondoe hiyo RCD kwa sababu inasumbua, inayosumbua ni hita, RCD inafanya kazi yake.

Inawaka vizuri halafu breka inakata baada ya dakika kumi, ishirini, au saa nzima

Hili ndo linalosumbua watu wengi na ndo linalochoma majumba, kwa hiyo nitakaa hapa.

Chanzo cha kwanza ni hesabu. Chukua wati zilizoandikwa kwenye kibandiko cha hita gawanya kwa volti unapata ampia. Hita ya wati 5000 kwa volti 240 inavuta ampia 20.8. Sasa hita sio blenda ya kuwasha dakika moja ukazima, inavuta mzigo huohuo masaa na masaa, ndo maana mafundi wanaongeza asilimia 25 juu: 20.8 inakuwa 26, na hapo breka inayofaa ni ya ampia 30 na waya wa shaba wa milimita za mraba 6, au geji namba 10 kwa wanaotumia vipimo vya Marekani. Ya wati 7500 inavuta 31.25, ukiongeza unapata 39, breka ya 40 na waya wa milimita za mraba 10, au geji namba 8. Hivi ni vipimo vya kuanzia tu, waya ukiwa mrefu sana, au umepita kwenye dari yenye joto, au umefunikwa na sufi ya kuzuia joto, fundi anapanda saizi. Na kama kwenye kibandiko au kitabu cha hita mtengenezaji ametaja saizi yake, hiyo ndo unayoifuata. Hita yako iwe na laini yake peke yake kutoka kwenye boksi, isishirikiane na taa, wala kompresa, wala friji.

Hata zile ndogo za plagi usizidharau. Wati 1500 kwa volti 120 ni ampia 12.5, kwenye laini ya ampia 15 hapo umeshajaza, ukiwasha kitu kingine chochote imekata. Wati 3000 kwa volti 230 ni ampia 13, yani plagi ya ampia 13 inafanya kazi kwenye ukomo wake masaa yote.

Na sasa naomba sana. Breka ikikata baada ya muda, usiibadilishe ukaweka kubwa zaidi. Breka iko pale kulinda waya uliofichwa ukutani, haipo kulinda hita. Ukiweka ya ampia 40 kwenye waya wa ampia 30 hita itawaka bila kukata, kweli, utafurahi, na waya ndani ya ukuta utakuwa unapikwa kidogokidogo mahali ambapo hakuna mtu anayeuona.

Chanzo cha pili ni skrubu iliyolegea, na hapa hesabu zako zinaweza kuwa safi kabisa na bado inakata. Ndani ya breka kuna ukanda wa metali mbili ambao ukipata joto unajipinda, ukijipinda vya kutosha breka inaachia. Waya ukiwa umelegea pale unapoingia kwenye breka, panapata moto, ule moto unasafiri moja kwa moja mpaka kwenye huo ukanda, na breka inakata ingawa ampia ziko sawa kabisa. Ukiipima kwa klampu mita, kile kipimo cha ampia kinachokumbatia waya, unaona 20.8 ileile, unachanganyikiwa.

Ikishazimwa na kupimwa kwamba haina umeme, angalia zile sentimita mbili za mwisho za waya kwa tochi. Waya wenye afya ganda lake ni laini, rangi haijabadilika, na shaba inang'aa. Waya uliopata moto ganda limekuwa la kahawia karibu na skrubu, gumu, ukiliminya kwa kucha linapasuka, na shaba imekuwa nyeusinyeusi au ya zambarau iliyofifia. Chukua bisibisi ujaribu skrubu, ukiona inazunguka robo nzima kabla haijashika, umempata mwenye makosa. Usikaze tu ukafunga. Shaba iliyoungua haishiki vizuri tena hata uikaze namna gani. Kata mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, menya upya, ingiza mpaka mwisho bila ganda kubanwa chini ya skrubu, kaza kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kibandiko cha breka au cha hita, kuna bisibisi maalum zinazopima hiyo nguvu na fundi makini anayo. Waya wenye nyuzi nyingi nyembamba uvalishwe kifuko cha chuma kinachominywa, usiupake risasi ya kulehemu, kwa sababu risasi chini ya skrubu inasogea taratibu na baada ya muda imelegea tena. Waya wa alumini kama upo, terminali lazima iwe imeandikwa kwamba inakubali alumini.

Breka yenyewe nayo kama imeungua ubavuni au inacheza kwenye nafasi yake, badilisha, saizi ileile na ya aina inayokubaliwa na boksi hilo.

Plagi au soketi inachemka

Uvuguvugu kidogo ni kawaida. Ikiwa huwezi kushikilia mkono pale, au plastiki imegeuka rangi, au pini ya plagi ina doa jeusi, zima sasa hivi na usiitumie tena mpaka vyote viwili vimebadilishwa, plagi na soketi, maana plagi iliyoungua itaharibu soketi mpya na soketi iliyoungua itaharibu plagi mpya. Ekstensheni hapana. Hita iende kwenye soketi ya ukutani moja kwa moja. Ekstensheni ikiwa imeviringishwa kwenye gurudumu lake ndo mbaya zaidi, joto la kila mzunguko linabanwa na mzunguko wa juu yake na ganda linayeyuka katikati ambako huoni.

Feni inazunguka ila hewa ni ya baridi

Kwanza subiri. Hita nyingi zinaanza na feni au zinamalizia na feni, ikizimika inaendelea kupuliza kidogo ili kulitoa lile joto lililobaki kwenye koili, sio ubovu.

Kama umesubiri na bado baridi, tafuta kitufe cha kurudisha cha swichi ya usalama. Kibonyeze mara moja hita ikiwa imepoa. Ikirudi na ikakaa, vizuri, ila tafuta kwa nini ilikata. Ikikata tena usiendelee kubonyeza, nenda kwenye sehemu inayofuata hapo chini. Kuna watu wanaunganisha waya kuiruka kabisa hiyo swichi ili hita isikate, tafadhali usifanye hivyo, hicho ndo kitu cha mwisho kilichobaki kati ya hita na moto.

Halafu koili. Umeme umezimwa, nyaya za koili zimechomolewa, pima kwa multimita upande wa omu. Hesabu ni volti mara volti gawanya kwa wati, kwa hita ya 240 na wati 5000 unategemea kama omu 11.5. Mita isiposoma kitu, koili imekatika. Kama hita ina koili mbili au tatu, pima kila moja peke yake, unaweza kukuta moja imekufa ndo maana joto limebaki nusu na hakuna breka inayokata wala kengele yoyote.

Cheki pia volti ya kibandiko na volti ya nyumba. Hita ya 240 ukiilisha 120 inatoa robo tu ya nguvu zake, sio nusu, ukiilisha 208 inatoa kama asilimia 75. Kinyume chake ni hatari, ya 120 ukiipa 240 inataka kuvuta nguvu mara nne na koili inaungua hapohapo.

Inawaka kidogo, inajizima, baadaye inawaka yenyewe

Kama chumba kimeshafika joto ulilochagua hiyo ni themostati inafanya kazi. Kama bado kuna baridi, basi hita inajipikia yenyewe na swichi ya usalama inaiokoa. Gereji zina vumbi la mbao, manyoya, nywele za mbwa, unga wa kusagia chuma, yote yanavutwa nyuma ya hita na feni. Zima, acha ipoe kabisa, vuta vumbi kwa mashine na brashi laini mbele na nyuma. Zungusha pangaboi kwa kidole, lizunguke lenyewe kidogo baada ya kuachia, likigoma palepale bearing imekauka na feni inazunguka polepole kuliko inavyotakiwa. Kisha angalia nafasi, kitabu cha hita kinataja sentimita ngapi kutoka darini, ukutani na sakafuni, na ukiiona imebandikwa mpaka inagusa dari unajua kwa nini inakosa pumzi.

Themostati iliyojengwa ndani ya hita inadanganywa kirahisi, ikiwa kwenye kona moto unarudi kuigusa na inafikiri gereji nzima imepata joto. Ya ukutani ni bora, kwenye ukuta wa ndani, usawa wa kifua, mbali na geti na mbali na upepo wa hita.

Haizimi kabisa

Sikiliza unapoteremsha themostati mpaka chini. Ukisikia tiki na hita imeendelea, pointi za themostati au za rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) zimegandana, zima kwenye breka na uibadilishe. Usiiache usiku ukisema utashughulikia kesho.

Joto halitoshi

Kadirio la kuanzia ni wati 100 kwa kila mita ya mraba kwenye gereji iliyozibwa vizuri, kwa hiyo ya mita 6 kwa 6 inataka kama wati 3600, na ikiwa ni bati tupu bila kitu cha kuzuia joto inataka zaidi ya hapo, na saa ingine hata ukiongeza hita unapasha joto nje. Ziba kwanza chini ya geti na pembeni mwake, ni rahisi kuliko hita kubwa. Elekeza mapezi ya hita chini, hewa ya moto inapenda dari, wewe uko sakafuni. Hita ya infraredi ni tofauti, yenyewe inapasha watu na vitu inavyoviona, usitegemee hewa ya chumba kupata joto haraka.

Kisha pima volti hita IKIWA INAFANYA KAZI, kazi hii ni ya fundi kwa sababu boksi liko wazi na lina umeme. Waya mrefu mwembamba unapoteza volti njiani, na volti zikishuka kwa asilimia 10 nguvu ya joto inashuka kama asilimia 19. Taa zikififia kila hita inapowaka, dalili ndo hiyohiyo.

Harufu

Mara ya kwanza kabisa, au baada ya kukaa muda, kuna harufu ya vumbi na mafuta ya kiwandani yakiungua juu ya koili, fungua geti, itaisha. Harufu ya plastiki, au ile inayofanana na samaki karibu na soketi au boksi, ni plastiki na ganda la waya vinaungua. Breka chini, papo hapo, usikae kunusanusa kutafuta inatoka wapi.

Harufu ya petroli, tina au rangi ndani ya gereji ni habari nyingine. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unalala sakafuni, na unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Themostati na rilei zinatoa cheche kila zinapojiwasha, na koili yenyewe ina moto. Ukisikia hiyo harufu usiguse swichi yoyote, wala ya taa, fungua geti kwa mkono, toka, acha hewa ipite mpaka mvuke uishe. Ndo maana hita ya gereji inafungwa juu, walau sentimita 45 kutoka sakafuni na ikiwezekana karibu na dari kwa nafasi iliyotajwa kitabuni, na makopo ya mafuta, matambara na maboksi yanakaa umbali wa mita moja au zaidi. Hita ya umeme haitoi kaboni monoksidi, lakini gari likiwashwa humo ndani linaitoa, kwa hiyo usije ukapasha injini geti likiwa limefungwa eti kwa sababu hita ni ya umeme.

Kelele

Tik tik wakati inapata joto na inapopoa ni bati linatanuka na kusinyaa, achana nayo. Mtetemo ni skrubu za stendi au pangaboi lililopinda. Mlio wa kuunguruma au kuchemka kutoka kwenye boksi au sehemu ya nyaya ni muunganisho umelegea, rudi kule kwenye skrubu.

Ukishatengeneza, usiwashe ukaondoka. Iweke juu kabisa, kaa nayo saa nzima ukiwa na kazi yako nyingine hapo gereji, kila baada ya muda weka mgongo wa mkono kwenye kifuniko cha breka, kwenye soketi, na pale waya unapoingia kwenye hita. Joto likiongezeka tu bila kutulia, zima, kuna muunganisho bado. Likitulia kwenye uvuguvugu na breka haijakata, iachie, halafu rudia ukaguzi huohuo baada ya wiki chache za matumizi na kila msimu wa baridi unapoanza.